Sikinde na Daftari la Mishahara

Mwenye baa wa mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, akiamua kuleta bendi, huanza kwa kuulizia bei ya spika. Mimi ningemuuliza: usiku ambao ukumbi ni mtupu, nani atawalipa wapigaji?

Dar es Salaam walishalijibu. Mwaka 1978 TTTS, kampuni ya usafiri na teksi, iliunda bendi ikaipa jina la baa, Mlimani Park; mashabiki huiita Sikinde. Muhiddin Maalim na Abel Balthazar walikuwemo tangu mwanzo. Mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, lenye baa na kumbi zake. Hapo mpango ukakamilika: vyombo vya shirika, ukumbi wa shirika, kaunta ya shirika, na mwanamuziki mwajiriwa kama mhudumu. Usiku wa mvua uliuma, lakini haukuivunja bendi.

Hata nyimbo zilikaa kibaa. Wimbo wa Sikinde huanza polepole, maneno yakasikika mezani watu wakiwa na chupa na sahani zao. Kisha magita yanashikana, saksafoni na tarumbeta zinajibizana, chemko linaanza na viti vinabaki vitupu. Anayeukata uwe wa dakika tatu ameua nusu ya biashara.

Mtihani ulikuja 1985. Hugo Kisima, mwenye bendi ya Safari Sound, aliwavuta nyota kadhaa, Maalim na Balthazar wakiwemo. Bendi nyingi zingezikwa hapo. Sikinde ilibaki kwa kuwa waliohama waliondoka na sauti na vidole vyao. Jina, vyombo na jukwaa vilibaki kwa DDC, wakaajiriwa wengine.

Klabu ya jazi ya Minton's, Harlem, New York, ilipita njia nyingine. Henry Minton aliifungua 1938, na kuanzia 1940 meneja wake, Teddy Hill, akawa anawalisha wanamuziki bure Jumatatu. Wakaja kupiga bila ujira, Thelonious Monk akiwa kwenye piano, mtindo wa bebop ukaivia pale. Ilifungwa 1974, ikafunguliwa 2006, ikafungwa tena 2010. Mfanyabiashara Richard Parsons alipoifufua 2013 alimkabidhi jiko mpishi Alexander Smalls. Chakula ndicho kilichotarajiwa kubeba muziki.

Kwa West Indies ningechukua ya DDC, nikiipunguza. Sahani ya nyama choma haimlipii mpiga gita kodi ya nyumba. Afadhali wapigaji wanne wa mshahara kuliko kumi wa kugawana kiingilio, na gita liandikwe mali ya baa.