Miligramu 7.5

Mchochota wa ndani ya jicho unaoletwa na sarkoidosisi, ugonjwa unaojenga vinundu mwilini, haumsumbui sana daktari mwezi wa kwanza. Prednisoloni, ya matone au ya kumeza, huutuliza upesi. Kazi huanza dozi inapopunguzwa: mchochota hurudi, dozi hupandishwa tena, na miaka ikipita hivyo mgonjwa huweza kupata mtoto wa jicho, presha ya jicho, kisukari au mifupa dhaifu kutokana na dawa ileile iliyomwepusha na upofu.

Ndiyo maana katika utafiti wa FAST, uliolinganisha dawa mbili za kushusha kinga ya mwili ili prednisoloni ipunguzwe, na uliochapishwa na jarida la JAMA mwaka 2019, kilichonivutia zaidi ni kipimo cha kufaulu. Wagonjwa 216 wa India, Marekani, Australia, Saudi Arabia na Meksiko, wote wakiwa na mchochota usiotokana na vimelea, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa methotreksati miligramu 25 kwa wiki, wengine maikofenoleti gramu 3 kwa siku. Jicho kutulia pekee hakukutosha. Lilipaswa kutulia huku prednisoni (dawa ndugu ya prednisoloni) ya kumeza haizidi miligramu 7.5 kwa siku, na matone hayazidi mawili.

Wagonjwa walijua wanachomeza. Waliofichwa ni madaktari waliopima macho, na hapo ndipo palipohitaji ulinzi, kwa kuwa chembe za mchochota huhesabiwa kwa jicho la mtu kwenye darubini.

Baada ya miezi 6, asilimia 66.7 walifaulu kwa methotreksati na 57.1 kwa maikofenoleti. Tofauti hiyo haikuthibitisha ipi bora, wala haikuthibitisha kwamba zinalingana. Kwangu inatosha kuondoa sababu ya kuanza na maikofenoleti, ambayo kwa kawaida ndiyo ghali. Methotreksati nayo ina masharti: asidi foliki, vipimo vya damu na ini, hakuna mimba, na imezwe mara moja tu kwa wiki, kwani kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua.

Walioshindwa walihamishiwa dawa ya pili. Zikishindwa zote, leo ipo sindano ya adalimumabi, nayo ya kushusha kinga, iliyoidhinishwa Marekani kwa mchochota wa jicho usiotokana na vimelea mwaka 2016. Kwetu Afrika Mashariki kuna swali la kujibiwa kabla ya hatua zote hizo: je, si kifua kikuu? Nacho hujenga vinundu vinavyofanana na vya sarkoidosisi, na adalimumabi huweza kukiamsha kilicholala.