Matawi Juu ya Lami

Dereva husifiwa kwa haraka yake. Aliyetoka Mwanza alfajiri akala mchana Singida ndiye anayeitwa fundi, na aliyechelewa huulizwa alilala wapi. Sifa hiyo inaupunja udereva. Gari zima kwenye lami kavu humtii hata kijana wa miezi michache; ufundi wenyewe huonekana gari linapogoma. Anayetaka ushahidi aitazame barabara ipitayo Didia, kati ya mji wa Shinyanga na njiapanda ya Tinde, ambako malori ya Mwanza hugawana njia: mengine hushika Nzega kuelekea Singida na Dar es Salaam, mengine hukunja kwenda Isaka, Kahama na mpaka wa Rwanda. Kwenye lami matairi hupasuka kwa joto na mzigo. Ukiiacha lami kufuata pamba au mpunga vijijini, unakutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi huachia nyufa na masika hunywa maji, ukavimba na kugeuka gundi.

Gari likinasa kwenye udongo huo, mwanagenzi hukanyaga mafuta, tairi likazunguka palepale na kujichimbia shimo mpaka ekseli ikalala juu ya tope. Fundi hushuka, akatazama. Hufukua mbele ya tairi, hutandika matawi au magunia, kisha huingiza gia nzito na kuondoka polepole kama anayenyanyua mtoto aliyelala. Rejeta ikichemka, mfuniko haufunguliwi kwa hasira: maji ya ndani yamebanwa, yamepita nyuzi 100 bila kuwa mvuke, na mfuniko ukilegea hurukia uso wa aliyeuinamia. Wala maji baridi hayamiminwi kwenye injini ya moto, maana silinda hedi huweza kupasuka. Hata pancha ina utaratibu wake: nati hulegezwa tairi lingali chini, ndipo gari lipandishwe jeki, na wakati wa kurudisha hukazwa kwa kupishana ili gurudumu likae sawa. Katika kazi hizi subira ndiyo ufundi wenyewe. Chuma kina muda wake wa kupoa, na hakuna simu ya tajiri wala kelele za abiria zinazoufupisha.

Hapo ndipo ninapoiona imani: mtu kukiri kwamba dunia haikuumbwa kwa ajili ya safari yake, kisha akafanya lililo mikononi mwake bila uchungu. Jina la Mungu limeandikwa kwenye mabampa na vioo vya malori mengi, na mwenye mashaka atasema hilo ndilo linalotuua. Dereva humkabidhi Mungu usukani, akalipita gari lingine mlimani, na baada ya mazishi tunasema ajali haina kinga. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa msemo huo ni wa uongo. Ajali ina kinga nyingi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi na 80 kwa gari zito, na hesabu inaiunga mkono: kwenye 80 gari hupita takribani mita 22 kila sekunde, na nishati ambayo breki inapaswa kuimeza ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya 50. Anayekimbia katikati ya makazi kwa jina la Mungu anamjaribu Mungu kwa roho za watoto wa wenzake. Mwenye imani hukagua matairi kabla ya kuwasha, na likipasuka licha ya hayo, hasemi amerogwa. Huchukua spana.

Lipo pingamizi la pili, nalo ni gumu zaidi. Dereva anayelipwa kwa safari, nyanya zikioza nyuma yake, atauliza subira inalisha nani. Yuko sahihi. Subira isitumike kufunika uzembe wa wengine. Wasafiri wa Geita na Mwanza walisubiri kivuko cha Kigongo na Busisi miaka mingi, na sioni cha kusifia katika foleni ile. Lililohitajika ni daraja, nalo lilifunguliwa Juni 2025, takribani kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria. Vilevile tajiri anayempa mtu matairi vipara na kumpangia saa ya kufika hana haki ya kumhubiria uvumilivu. Ila hata baada ya madaraja yote kujengwa, tairi zima litakutana na msumari.

Siku hiyo utaona matawi. Sheria inataka pembetatu ya kuakisi mwanga, lakini barabara zetu zina lugha yake: majani mabichi yaliyovunjwa na kulazwa juu ya lami, mbele na nyuma ya lori bovu, mbali vya kutosha ili ajaye apunguze mwendo kabla hajaliona. Huyapanga mtu ambaye siku yake imeharibika, kwa ajili ya watu asiowajua, ambao siku yao bado nzima. Ushahidi wangu mkubwa ni huo. Tena kazi haiishi injini inapowaka. Jua limezama upande wa Kahama, mzigo umechelewa, na wapo wanaoondoka na kuyaacha matawi yamwangushe mwenye pikipiki usiku. Dereva ninayemsifu hurudi nyuma kwa miguu, akayaokota moja moja na kuyatupa kando ya barabara, kisha akapanda na kuwasha taa.