Ufundi wa Kukutanisha

Utafiti una elimu mbili. Ya kwanza imo vitabuni na maabarani. Ya pili haiandikwi popote: jina la nani litangulie kwenye makala, mhariri akikukatalia umjibu vipi, na umwambieje mkuu wa idara kwamba hutaandika tena kumbukumbu za mkutano eti kwa sababu mwanamke ni wewe peke yako. Wanaume wengi huiokota elimu hii njiani, ndani ya gari la kwenda uwandani au jioni penye vinywaji, saa ambayo asistanti mwenye mtoto mchanga amekwisha kurudi nyumbani kupika. Anayeandaa warsha ya kuwakutanisha watafiti wanawake wanaoanza kazi na walezi waliowatangulia huitoa elimu hiyo huko jioni na kuileta mchana. Kwenye picha za warsha huyo mwandaaji haonekani. Pengine yuko nyuma anahesabu sahani.

Afrika Mashariki waliofanya kazi hii kwa upana ni AWARD, mpango wa wanawake katika utafiti wa kilimo. Ulianza Nairobi mwaka 2008, baada ya majaribio Kenya, Tanzania na Uganda tangu 2005. Hesabu za wakati ule zilionyesha kuwa katika kila watafiti wanne wa kilimo barani, mwanamke ni mmoja. Kwenye uongozi, mmoja kati ya saba. Vicki Wilde, aliyeuongoza mwanzoni, na Wanjiru Kamau-Rutenberg aliyempokea, wangeweza kugawa fedha za masomo na kuishia hapo. Lakini kila mtafiti alipewa mlezi, mwanasayansi mzoefu, mwanamke au mwanamume, na wote wawili wakaitwa warshani. Mlezi naye alifundishwa. Walikubaliana wakutane mara ngapi, na lipi litabaki siri yao. Kisha yule aliyelelewa naye akatakiwa amchukue mdogo wake wa kumlea. Sharti hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa linamzuia mtu kuondoka na msaada kama mali yake.

Ugumu wa kazi uko kwenye kuoanisha. Mwandaaji ni mshenga: sharti azijue nyumba zote mbili kabla hajafungua mdomo. Hampi binti mkuu wake wa kazi awe mlezi, kwani atamwambiaje kwamba anayemwogopa ni yeye? Hatishwi na majina makubwa. Profesa anayelala kila wiki katika mji mwingine hatapokea simu. Tena hang'ang'anii fani moja. Mtaalamu wa udongo anaweza kumlea vizuri sana mtaalamu wa wadudu, maana yanayomkwamisha binti mara nyingi si wadudu.

Halafu kuna ratiba. Mwandaaji mjinga huijaza hotuba. Hodari huacha mapengo, hutenga chumba cha watoto na wanaowatunza, na chakula cha mchana hukirefusha kwa makusudi. Anajua kwamba mdogo hatafunguka mbele ya mtu anayemwita Mama Profesa, ila wakisha kula pamoja huenda akamwita yaya, yaani dada mkubwa, na hapo mazungumzo yanaanza. Kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo, lugha nayo inabadilika: mada hutolewa kwa Kifaransa, lakini uchungu wa makala kukataliwa husemwa kwa Kiswahili. Mwandaaji asiyeruhusu hilo ataondoka na ripoti nzuri, basi.

Sisi wa Kasongo na Kabambare, humo Maniema, hatuko mbali na sayansi kama wengine wanavyodhani. Mradi wa Kasongo, ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ulitoa mwaka 1981 makala katika jarida la Lancet iliyouliza kama watoto waliokingwa na surua huendelea kuishi au hufa baadaye kwa maradhi mengine. Mabishano yake yalivuka mipaka. Juzi tu, hospitali ya Tunda, huko Kibombo, ilikuwa kituo kimojawapo cha jaribio la dawa ya tecovirimat dhidi ya mpox. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kuwa dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda, ila waliolazwa na kutunzwa vizuri walikufa wachache kuliko ilivyozoeleka. Maswali ya namna hii yamejibiwa kwa damu ya watu wetu na kwa fomu zilizojazwa vijijini mwetu. Msichana anayejaza fomu leo anahitaji mtu wa kumwonyesha jinsi ya kufika mahali ambapo swali lenyewe hutungwa.

Warsha ya hoteli ya Nairobi haitamfikia. Afadhali jozi sita mjini Kindu, katika darasa la kuazima, barabara ya Kasongo ikipitika. Na kazi ya mwandaaji haiishi siku watu wanapoagana. Miezi michache baadaye jozi huanza kunyamaza, kila mmoja akimwonea haya mwenzake, na ni mwandaaji anayewapigia simu mmoja mmoja, tena na tena. Kwa hiyo vyeti vya kuhudhuria, vile vya karatasi ngumu yenye mihuri, mimi ningevifuta kabisa, fedha zake zinunue mafuta ya jenereta na salio la simu.