Risasi Mwanzoni, Sababu Mwishoni

Mkono umeshika picha ya Polaroid. Ni picha ya maiti, na kila mkono unapoitikisa picha inazidi kufifia, hadi inabaki karatasi tupu. Kisha karatasi inarudi ndani ya kamera, damu inapanda ukuta, ganda la risasi linarukia bastola, miwani inarudi usoni pa mtu aliyekuwa amekufa, naye anapiga kelele. Ndivyo inavyofunguka Memento ya Christopher Nolan, filamu ya dakika 113 iliyoonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venice mwaka 2000. Hilo ndilo onyesho lake pekee linalochezwa kinyumenyume hasa. Kuanzia hapo watu wanatembea mbele na kuzungumza kama kawaida; kinachorudi nyuma ni mfuatano wa matukio, kwamba tukio la jioni linatangulia, la mchana linafuata, la asubuhi linakuja mwisho. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyowagawa watazamaji, na mgawanyiko wenyewe haujaisha hadi leo.

Mgawanyiko ulianza hata kabla tiketi hazijauzwa. Wasambazaji kadhaa wa Marekani waliitazama wakaikataa, wakihofia kwamba ingewachanganya watu, hadi Newmarket, kampuni iliyoigharamia, ikaisambaza yenyewe mwaka 2001. Filamu iliyogharimu dola milioni 9 hivi ikaingiza takriban milioni 40 duniani, ikapendekezwa kwa tuzo mbili za Oscar, ya uandishi na ya uhariri. Hata hivyo mafanikio ya sokoni hayakuwanyamazisha waliokerwa. Hoja yao ni nyepesi kuieleza na ngumu kuipuuza: mwanamume ameuliwa mkewe, anamtafuta muuaji, anampata, anampiga risasi. Hadithi hiyo tunaijua. Mwongozaji, wanasema, ameivua nguo na kuivalisha nyuma mbele, kisha anataka apigiwe makofi kwa ugeni wake. Wanaoitetea hujibu mara nyingi kwa kusifu werevu wa fumbo, na hapo ndipo wanapoharibu kesi yao wenyewe, kwa sababu fumbo likishafumbuliwa halina kazi tena. Utetezi wa kweli wa filamu hii uko kwingine: mpangilio wake unamnyang'anya mtazamaji sababu za mambo, unamwacha ahukumu bila hizo, halafu unamrudishia sababu wakati hukumu yake imekwishatoka.

Ili kuona hilo linavyofanyika, chukua kanga, ishike kwa mapindo yake mawili ya upana na uikunje katikati. Pindo moja ni mwanzo wa hadithi, la pili ni mwisho wake, na sasa yamelala pamoja mkononi mwako. Memento inaanzia hapo kwenye mapindo. Vipande vya rangi vinaanza kwenye mwisho wa hadithi na kurudi nyuma. Vipande vya nyeusi na nyeupe vinaanza mwanzoni na kwenda mbele. Vinapishana kimoja kimoja, huku na huku, hadi vikutane kwenye mkunjo. Kwenye mkunjo picha nyingine ya Polaroid inaanza kujitokeza mkononi mwa Leonard Shelby, yule mwanamume anayemtafuta muuaji wa mkewe, na taratibu nyeusi na nyeupe inageuka rangi. Kwa hiyo dakika za mwisho za filamu ni katikati ya hadithi. Mtazamaji anayesema filamu inasimuliwa kutoka mwisho hadi mwanzo amekosea kidogo, na kosa hilo linamnyima jambo muhimu: Nolan hakutaka kutupeleka hadi mwanzo. Alitaka kutufikisha mahali ambapo mtu mmoja alichagua.

Wasomaji waliopitia darasa la fasihi watakumbuka kisengerenyuma, mbinu ya kumrudisha msomaji kwenye tukio lililopita. Hiyo ni mbinu ya ukarimu. Msimulizi anasimamisha safari, anakueleza kilichomfikisha mhusika hapo, kisha mnaendelea pamoja, wewe ukiwa na maarifa zaidi. Hata hadithi ya upelelezi, kuanzia zile za Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, inaanzia kwenye maiti na kumrudisha mpelelezi nyuma hadi kwenye chanzo, lakini mpelelezi mwenyewe anasonga mbele, leo anajua zaidi ya jana. Leonard hawezi. Jeraha la kichwani limemwacha bila uwezo wa kutunza kumbukumbu mpya. Baada ya dakika chache kilichotokea kinafutika, naye anaishi kwa picha, vikaratasi na tatuu alizojichora mwilini. Kuipanga filamu kinyume kunatuweka katika hali hiyohiyo. Kila kipande cha rangi kinapoanza, sisi nasi hatujui alifikaje hapo. Wakati mmoja anajikuta anakimbia na kuna mtu mwingine anakimbia; anajiuliza kama yeye ndiye anayemfukuza au ndiye anayefukuzwa, na sisi tunasubiri jibu kama yeye.

Lakini kushiriki upofu wa mhusika si hoja tosha. Kinachofanya mpangilio huu uwe wa lazima kinaonekana vizuri katika mnyororo unaomhusu Natalie, mhudumu wa baa anayeigizwa na Carrie-Anne Moss. Tufuate jinsi filamu inavyoupanga. Kwanza tunamwona Leonard akiwa na mtu anayeitwa Dodd, aliyepigwa na kufungwa, na tunamwona Dodd huyo akifukuzwa mjini. Kisha tunapewa sababu: Natalie anaingia nyumbani uso umevimba, anasema Dodd amempiga, na Leonard, akiwa amejaa huruma, anaahidi kumshughulikia. Roho inatulia, steringi ametenda haki. Kisha kinakuja kipande kinachofuata, yaani kilichotangulia. Natalie anakusanya kalamu zote nyumbani na kuzitia kwenye mkoba wake. Anamtukana Leonard, anamtukana na mkewe aliyekufa, anamwambia wazi kwamba atamtumia na yeye hatakumbuka. Leonard anampiga ngumi. Natalie anatoka, anakaa garini nje na kungoja. Ndani, Leonard anahangaika droo kwa droo akitafuta kalamu, akijilazimisha kuyashika maneno yasitoroke. Mlango wa gari unabamizwa. Anageuka kuangalia, na yote yamepotea. Natalie anaingia, uso umevimba, anasema Dodd amempiga.

Sasa upange mnyororo huo kwa mfuatano wa saa. Ngumi, kungoja garini, uongo, huruma, Dodd anapigwa. Ni onyesho zuri bado, lina kinaya cha kutosha, lakini sisi tuko salama. Tunamwona mjinga akidanganywa na tunamsikitikia kutoka juu, kama watu wa barazani wanaomwona mpita njia akielekea kwenye shimo. Katika mpangilio wa filamu hatuna baraza la kukalia. Tulishamhurumia Natalie, tulishamhukumu Dodd, tulishamruhusu Leonard. Ushahidi unapofika unatukuta sisi wenyewe kizimbani, kwa sababu hatukudanganywa na mwongozaji kuhusu lolote: uvimbe ulikuwa wa kweli, machozi yalionekana, na tulichokosa ni dakika tano tu za kabla yake. Suti nzuri ya Leonard na Jaguar analoendesha ni hivyohivyo. Viko mbele ya macho yetu karibu filamu nzima, na hakuna anayeuliza mtu aliyekuwa mpelelezi wa kampuni ya bima anapata wapi vitu hivyo, hadi kwenye mkunjo tunapoona alimvua nani.

Kipimo kizuri zaidi kipo tayari, na wapenzi wa sinema za Kihindi wanakijua. Mwongozaji A. R. Murugadoss alitengeneza Ghajini kwa Kitamil mwaka 2005, kisha kwa Kihindi mwaka 2008 akiwa na Aamir Khan, kwa kuchochewa na Memento. Mgonjwa ni yuleyule: kumbukumbu inayokatika kila dakika 15, tatuu kifuani, kamera ya Polaroid, mpenzi aliyeuawa. Kilichoachwa ni mpangilio wa kinyume. Mapenzi ya tajiri Sanjay na Kalpana yanasimuliwa kwa kisengerenyuma, kupitia shajara zinazosomwa na wengine, na mtazamaji anajua siku zote zaidi ya mgonjwa. Matokeo yake ni filamu ya kisasi yenye machozi, nyimbo na ngumi za haki, na kama filamu ya kisasi inatimiza kazi yake. Angalia tu jina lake. Katika toleo la Kihindi, Ghajini ni jina la adui. Ukinunua tiketi umeshaambiwa nani anapaswa kufa. Katika Memento adui ni John G., jina la kila mtaa na herufi moja, na kadiri filamu inavyorudi nyuma ndivyo tunavyoelewa kwamba jina hilo ni kiti kitupu ambacho Leonard anaweza kumkalisha yeyote. Hadithi ileile, ikinyooshwa, inatupa uhakika wa nani ni mbaya. Ikigeuzwa, inatuuliza uhakika huo tuliutoa wapi. Anayesema kugeuza hakukuongeza kitu anaweza kuzitazama hizo mbili, moja baada ya nyingine.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba filamu inachosha, kwamba mtazamaji anatumia akili yote kuunga vipande na haibaki ya kuhisi. Kwa upande mmoja malalamiko haya yanapuuza kazi ya mhariri Dody Dorn. Kila kipande cha rangi kinaishia pale palipoanzia kipande cha rangi kilichotangulia, na mwanzo ule unarudiwa kwa sekunde chache, neno lilelile, mlango uleule, mkwaruzo uleule, kama fundi cherehani anayelaza kitambaa juu ya kitambaa kabla ya kupitisha sindano. Katikati ya vipande hivyo, nyeusi na nyeupe inatupumzisha katika chumba cha moteli, Leonard akiwa kwenye simu, akisimulia kwa mfuatano wa kawaida habari za Sammy Jankis, mtu mwingine mwenye tatizo la kumbukumbu. Mtazamaji hajatupwa baharini bila kamba. Kwa upande mwingine, walalamikaji wana haki kuhusu gharama. Vipande ni vingi, zaidi ya 40, na ni vifupi. Kumbukumbu ya mtazamaji inafanya kazi ngumu ambayo filamu nyingine za kinyume hazikuidai. Peppermint Candy ya Lee Chang-dong, iliyotoka Korea Kusini Januari 2000, inaanza na mwanamume anayesimama relini mbele ya treni mwaka 1999, inarudi hadi ujana wake mwaka 1979, na inafanya hivyo kwa sura saba tu. Sura ndefu zinaacha nafasi ya kuomboleza. Tunajua atakufa vipi, na kila hatua kuelekea ujana wake inauma zaidi. Memento haiombolezi hivyo. Ni filamu baridi kuliko ile, na anayetafuta machozi hajakosea kuondoka mikono mitupu. Amekosea akisema kwamba ubaridi huo ni kasoro ya kugeuza wakati, maana Lee aligeuza wakati na akaliza.

Pingamizi la pili ni la mantiki, na mhakiki Roger Ebert, aliyeipa filamu nyota tatu kati ya nne, alilitaja mapema: ikiwa kitu cha mwisho ambacho Leonard anakumbuka ni kifo cha mkewe, anakumbukaje kwamba ana tatizo la kumbukumbu? Filamu inajibu nusu. Kuna tatuu mkononi inayomkumbusha Sammy, kuna mazungumzo marefu kuhusu mazoea yanayoingia mwilini bila kupitia kichwani. Nusu nyingine haijibiwi, na mtetezi mwaminifu anapaswa kukubali ufa huo. Ila ufa huo umo katika hadithi, haumo katika mpangilio. Ungekuwepo hata kama Leonard angesimuliwa kwa mfuatano wa kalenda, na kwa kweli umo pia katika Ghajini, ambako hadithi iliyonyooka inakwenda kasi kuliko maswali. Mpangilio wa kinyume unamfundisha mtazamaji kuuliza sababu ya kila kitu, kisha unalipa deni la mafunzo hayo kwa kuulizwa wenyewe.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: filamu hizi zinaweza kupangwa upya na zikaeleweka, basi kwa nini tusipewe hivyo tangu mwanzo? Toleo maalumu la DVD la Memento lilificha njia ya kuitazama kwa mfuatano wa kawaida. Gaspar Noé, ambaye Irréversible yake ya kinyume ilizua ghasia Cannes mwaka 2002, aliipanga upya mwenyewe na kuipeleka Venice mwaka 2019. Lakini matoleo hayo yanathibitisha kinyume cha kile yanachodaiwa kuthibitisha. Irréversible ikinyooshwa, kisasi kinakuja mwisho kama malipo ya uovu tuliouona. Katika umbo lake la kwanza kisasi kinatangulia, ukatili mtupu usio na sababu machoni petu, na mtu anayeuawa si hata yule aliyetenda. Matukio makuu ni yaleyale. Kilichohama ni ruhusa yetu. Hapo ndipo filamu ya kinyume inapopimika. Inyooshe, utazame imepoteza nini. Ikipoteza mshangao peke yake, waliolalamika walikuwa na haki, kilikuwa kiinimacho tu. Ikipoteza swali ililokuwa inamuuliza mtazamaji, mpangilio ulikuwa ndiyo hadithi yenyewe.

Rudi basi kwenye jengo bovu la mwanzo, muda mfupi kabla ya risasi. Teddy, yule aliyeuawa kwenye onyesho la kwanza, yuko chini, anaomba. Anamwambia Leonard hajui yeye ni nani, anamsihi washuke ghorofa ya chini ajionee amekuwa mtu gani. Mara ya kwanza hakuna anayemsikiliza. Nyuma ya picha yake pameandikwa asiaminiwe, na sisi, ambao tumemfahamu kwa dakika chache, tumekwisha kuiamini karatasi kuliko mtu. Bastola inalia na tunaona ni sawa. Karibu saa mbili baadaye, kwenye mkunjo, tunajua kilicholazwa ghorofa ya chini ya jengo lilelile, na tunajua aliyeandika onyo lile aliliandika akijua anajidanganya. Teddy ni mwongo katika mengi, lakini ombi lake la mwisho lilikuwa la kweli, na lilitamkwa wazi, kwa sauti, mwanzoni kabisa, wakati ambapo hakuna kati yetu aliyetaka kushuka.