Sushi ya Mjini na Perege wa Lembeni: Neno Juu ya Insha Moja

Katika insha nilizosahihisha muhula uliopita, moja ilinikaa moyoni kuliko nyingine zote, kwa uzuri wake na kwa kosa lake. Mtungaji wake ni kijana mzaliwa wa Lembeni, chini ya milima ya Upare wa Kaskazini, baina ya Same na Mwanga, mahali ambapo barabara kuu ya Arusha na reli ya Tanga hadi Moshi hupita. Aliandika habari za mlo wake katika mkahawa mdogo wa Kijapani jijini Dar es Salaam, alikopelekwa na jamaa yake mwenye uwezo. Kwa idhini yake naihakiki hapa, maana yaliyomo hayamhusu yeye peke yake. Yatuhusu wengi tuandikao Kiswahili.

Yafaa nianze na sifa. Mtungaji hakupoteza wino kusifu taa wala viti. Aliketi mbele ya ubao mrefu ambao nyuma yake fundi husimama, akatazama mikono. Alieleza jinsi fundi alivyolowesha viganja, akachota wali uliotiwa siki, chumvi na sukari kidogo, akaufinya mara chache, akalaza juu yake kipande cha samaki, kisha akauweka mbele ya mlaji pasipo kusema neno. Aliona kuwa nyumba haikutosha watu zaidi ya kumi, na kuwa fundi aliwajua baadhi yao kwa desturi zao: huyu hataki pweza, yule huanza na supu. Akatoa hoja kwamba udogo wa nyumba ni sehemu ya ladha ya chakula, kwa kuwa mpishi na mlaji huonana uso kwa uso. Hoja hiyo ni ya kweli, na imeelezwa kwa maneno machache.

Sasa makosa. La kwanza ni la lugha. Aliandika kwamba sushi ni mchele na samaki mbichi. Kiswahili kina majina matatu kwa kitu hiki kimoja, na kila jina lina mpaka wake: shambani ni mpunga, ghalani ni mchele, sahanini ni wali. Sushi haifanywi kwa mchele. Hufanywa kwa wali. Tena neno "mbichi" lina mtego. Sokoni, samaki mbichi ni yule ambaye hakukaushwa wala kuokwa kwa moshi. Ni kinyume cha ng'onda, na anayemnunua huenda akampika jioni ile ile. Alilokusudia mtungaji ni samaki asiyepikwa. Msomaji wa Lembeni akisoma "samaki mbichi" atamwona perege aliyeletwa asubuhi kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, naye atashangaa kuna ajabu gani mtu kusafiri hadi mjini kumfuata huyo. Hivyo neno moja lisilopimwa limemwondoa msomaji katika mkahawa na kumrudisha kwao, ilhali mtungaji mwenyewe hakutaka kurudi huko.

Hilo ndilo kosa la pili, nalo ni kubwa zaidi. Katika ukurasa wa mwisho alisema kwamba kwao chakula ni cha kushibisha tu, na kwamba upishi kama ufundi aliujua siku ile mbele ya Mjapani. Sentensi hiyo imeandikwa vizuri. Lakini je, ni kweli?

Mimi nimekula Lembeni, kando ya barabara, katika kibanda chenye mabenchi mawili na meza ya kitambaa cha plastiki. Mama mwenye kibanda alimpara perege magamba, akamchanja mbavuni mistari mitatu ili chumvi na ndimu ziingie, akamweka kando. Alidondosha tone la maji katika karai. Mafuta yalipolia kwa sauti aliyoitaka ndipo alipomtia samaki. Hakumgeuza kabla ya wakati, hata dereva mwenye haraka alipopiga honi. Sufuria ya pili ilikuwa na makande, mahindi na maharage yaliyoiva polepole, chakula ambacho Wapare wanasifiwa kwacho nchi nzima. Mwalimu mmoja alipoketi, mama alimwekea bila kuulizwa sahani isiyo na pilipili. Alilolisifu kijana wetu jijini, yaani macho ya mpishi, subira yake, na kumjua kwake mlaji, yote yalikuwapo pale.

Labda msomaji atasema kuwa Mjapani huthubutu kumwacha samaki bila moto, na kwamba ufundi u hapo. Nami najibu kuwa moto wa Lembeni nao ni elimu. Samaki wa maji baridi huwa na minyoo iwezayo kumdhuru mtu, na kumla bila kupikwa ni hatari kuliko kumla hivyo samaki wa baharini aliyetunzwa vema. Mpishi wa Tokyo na mpishi wa Lembeni kila mmoja anayajua maji yake.

Tena historia yenyewe haikubali daraja alizoziweka mtungaji. Hapo kale sushi ilikuwa njia ya kuhifadhi: samaki wa chumvi alifukiwa katika wali kwa miezi mingi hata wali ukachachuka, kisha wali ule ukatupwa. Sushi ya kufinywa mkononi ilienea katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, mapema katika karne ya 19, ikiuzwa vibandani kwa watu wenye haraka. Basi kilichomstaajabisha kijana kilianza kama chakula cha kando ya njia. Na katika jambo la wali, Wajapani na watu wa upande huu wamekwisha kukutana: mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987, na ule wa Ndungu, wilayani Same, yote miwili ilijengwa kwa msaada wa Japani, ili kukuza mpunga.

Lakini ushahidi niupendao zaidi ni wa maneno. Katika mikahawa ya sushi mlaji asiyetaka kuchagua husema "omakase", maana yake "nakuachia wewe". Neno hilo la mlaji limekuwa jina la mlo mzima. Kwetu mlaji husema "mama, nitilie", na neno lake limekuwa jina la mpishi: mama ntilie. Lugha mbili zisizo na undugu zimeita jambo lile lile kwa kauli ya mwenye njaa anapomkabidhi mwingine sahani yake. Maandishi ya ofisi siku hizi hupendelea "mama lishe", na nia yake ni njema, kwa sababu wako waliolitamka jina la kwanza kwa dharau. Hata hivyo katika "mama lishe" sauti ya mlaji haisikiki tena. Mimi naona heri kuondoa dharau na kuliacha jina.

Sitaki kuvuka kiasi katika sifa. Moshi wa kibanda huumiza macho, inzi hawakosekani, na nimewahi kupewa mahali pengine samaki aliyekaangwa katika mafuta ya juzi. Mhakiki anayefumba macho kwa ajili ya mapenzi hamsaidii mpishi wala mtungaji. Nisemalo ni kwamba kibanda nacho kina haki ya kuhakikiwa, yaani kusifiwa na kulaumiwa kwa kipimo kile kile kinachopewa mkahawa wa mjini.

Nilipomrudishia kijana insha yake nilimwomba aandike ya pili, juu ya mpishi yeyote wa Lembeni. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, mama yangu anauza chakula stendi. Ada yangu imetoka hapo." Nikamwuliza kwa nini basi aliandika ile sentensi ya ukurasa wa mwisho. Akajibu kuwa hakudhani ya stendi yafaa kuandikwa chuoni.

Baada ya wiki tatu aliniletea ukurasa mmoja. Haukuwa na tashibihi hata moja. Ulitaja kazi za mama yake kwa mpangilio wake: saa kumi alfajiri kuwasha makaa, kuchambua maharage, kumsubiri mwenye samaki, kubonyeza jicho la samaki kwa kidole kabla ya kutoa fedha, kumtengea utingo fulani kichwa cha samaki kwa kuwa ndicho akipendacho. Neno "mbichi" lilitokea mara moja, nalo lilikuwa mahali pake. Niliipa insha hii alama zaidi kuliko ile ya kwanza, nikamwomba, akipenda, amsomee mama yake.