Sam Ntiro na Umati Usiokasirika

Sam Joseph Ntiro (1923–1993), mzaliwa wa Machame, husifiwa zaidi kwa maisha yake kuliko kwa picha zake. Tunaambiwa alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, akaenda Slade kule London, akarudi kufundisha, na Tanganyika ilipopata uhuru 1961 akawa balozi wetu Uingereza. Yote kweli. Lakini ubalozi si hoja ya uhakiki. Hebu tuitazame kazi yenyewe.

Nachukua picha yake ya 1956, ile ya wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku, ambayo Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yaliichukua mwaka 1960. Kifani, Ntiro hapa anakataa kuwa na mhusika mkuu. Watu ni wengi, ni wadogo, huwezi kumtambua fulani kwa uso. Wako wanaosema eti huko ni kushindwa kuchora mtu. Siafiki. Aliyepita Slade anajua mtu anavyochorwa. Ameamua kwamba mhusika wake ni kundi, na hapo fani imeyabeba maudhui barabara.

Tatizo langu liko kwenye maudhui hayo. Kundi la Ntiro, hapa na katika picha zake za watu wakifanya kazi pamoja, haligombani. Sisi tuliokulia Upare tunaijua kazi ya pamoja, msaragambo. Mnaitwa, mnapanda kusafisha ndiva, bwawa linalokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe mferejini. Kazi ni tamu, soga zipo, lakini asiyefika hutozwa faini, na zamu ya maji ikifika, bwana, undugu hupimwa! Ushirika ule unasimama kwa sababu ugomvi una mahali pa kusemewa. Ukiuondoa unabaki na picha nzuri ya kutundika ubalozini.

Nimlinganishe na mtu wa mbali kidogo: Franciszek Smuglewicz (1745–1807), mzaliwa wa Warsaw aliyesomea Roma, kisha 1797 akaanza kufundisha uchoraji chuo kikuu cha Vilnius. Naye alichora wakulima, wale wa Lithuania. Ila mwaka huohuo wa 1797, nchi yake ikiwa imekwisha kugawanywa na majirani, alichora kiapo alichokula Kościuszko mwaka 1794 sokoni Kraków. Kifani namwona mkavu kuliko Ntiro, watu wamesimama kama wako jukwaani. Lakini umati wake una jambo unalolidai.

Umati wa namna hiyo haukuwa mbali na Machame. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same kuipinga kodi ya mbiru. Profesa Isaria Kimambo aliuandikia mgogoro huo kitabu mwaka 1971. Simdai Ntiro achore Upare, kila msanii ana kwao. Namdai umati unaojua kukasirika.

Najua yuko mhadhiri atakayenijibu kwamba kuchora kijiji chenye amani yake, bila bwana shauri, mwaka 1956, kulikuwa ndiko kumkana mkoloni. Hoja nzito hiyo. Basi anionyeshe, ndani ya turubai lile, bwana shauri alitolewa kwa mlango gani, na nani alimtoa.