Kipande Chembamba cha Moyo

Msuli wa moyo hauna subira. Damu ikikoma kuupitia, mitokondria huvimba upesi, mpangilio wa ndani ya seli huvurugika, na atakayeutazama baadaye ataona uharibifu akadhani ndio maumbile. Kwa hiyo kuchunguza seli za moyo kwa hadubini ya elektroni huanza kwa haraka. Haraka hiyo ikishapita, yote yanayofuata ni ya polepole. Don Fawcett, profesa wa anatomia wa Harvard na rais wa kwanza wa Chama cha Baiolojia ya Seli cha Marekani, aliyamudu yote mawili.

Nyama hulowekwa kwanza katika glutaraldehidi, ambayo hukaza protini mahali zilipo. Vipande huwa vya milimita moja hivi, maana dawa hupenya taratibu, na katikati ya kipande kinene pangeharibika kabla haijafika. Hufuata osmiamu, inayoshika mafuta ya utando wa seli na kuigeuza nyama kuwa nyeusi. Kisha alkoholi, dhaifu kwanza, kali baadaye, mpaka maji yote yatoke. Resini huchukua nafasi ya maji hayo, na ikikaa katika tanuri la nyuzi joto 60 hadi kesho yake au zaidi, huwa ngumu, ya kukatika bila kumeguka.

Hapo ndipo mkono hupimwa. Fundi hukichonga kibonge hicho cha resini kwa wembe mpaka ncha yake iwe chini ya milimita moja. Kisu ni kioo kilichovunjwa kwa ustadi, au almasi. Chuma, hata kinolewe vipi, ni butu mno kwa kazi hii. Nyuma ya makali kuna kihodhi kidogo cha maji. Kila kibonge kinaposhuka, kipande hukatika na kuelea juu ya maji, kikishikana na kilichotangulia hadi kuwa utepe. Unene wake husomwa kwa rangi ya mwanga unaorudi: utepe wa dhahabu ni mnene, wa fedha ndio unaotakiwa, nanomita 60 hadi 90. Unywele mmoja ungehitaji vipande kama elfu moja vya namna hiyo kufikia unene wake. Mlango ukibamizwa chumba cha pili, utepe huubeba mtetemo huo kama mistari, na fundi hukata tena.

Utepe huopolewa kwa wavu wa shaba wenye kipenyo cha milimita 3, kisha hutiwa urani na risasi ili maumbo yajitokeze. Kwenye risasi fundi huzuia pumzi, kwa sababu hewa ya ukaa inayotoka kinywani huzaa chembe nyeusi zinazochafua picha.

Mwaka 1969 Fawcett na Scott McNutt walichapisha uchunguzi wao wa msuli wa moyo wa paka. Wengi walieleza kwamba seli ya moyo ina vifungu vya nyuzi vilivyotengana kimoja kimoja. Wao walionyesha kwamba katika msuli uliohifadhiwa vizuri nyuzi hizo ni tita moja lililoshikamana, lenye nyufa tu, na mitokondria zimejazana nyufani kama usipa walioanikwa chanjani Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Na pale ilipodhaniwa tando za seli mbili zimeungana kabisa, walikuta mwanya wa nanomita 2. Nanomita mbili! Uzembe wowote katika hatua zile ungeuficha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Harvard, Fawcett alihamia Nairobi, kwenye maabara ya ILRAD ya utafiti wa magonjwa ya mifugo huko Kabete. Sasa kilichokatwa kilikuwa tezi za mate za kupe anayeeneza ndigana kali, ugonjwa unaowafilisi wafugaji wetu. Kupe hawezi kupasuliwa mara mbili, kwa hiyo kila hatua ya kimelea iliwataka kupe wengine na maandalizi mapya tangu mwanzo. Fawcett na wenzake walikifuata kimelea hicho, Theileria, ndani ya seli ya tezi, kikikua na kugawanyika hadi seli moja ikabeba makumi ya maelfu ya vimelea. Vinakomaa kupe akiwa ameshanyonya kwa siku kadhaa, ndiyo maana kumwondoa kupe mapema kunaweza kumwokoa ng'ombe.